Kipande cha nyama kiende kwa nani?

Kwetu Bukavu, chakula kikipakuliwa, kila mtu anajua kipande kikubwa cha nyama ni cha papa. Mama anajipakulia mwisho: bugali, sombe kidogo na mchuzi uliobaki. Nimelelewa hivyo. Nyumbani kwangu nimeuvunja utaratibu huo, na sababu yangu ni hesabu ya madini ya chuma.

Kwa viwango vya Marekani, mwanaume mzima anahitaji miligramu 8 za chuma kwa siku. Mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji 18, kwa kuwa kila mwezi anapoteza damu. Akiwa na mimba, 27. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji 15. Yaani wanaopakuliwa mwisho ndio wenye uhitaji mkubwa! Mume wangu aliposikia alicheka: "Basi mimi nitakula nini?" Maharagi, papa, kama sisi wote. (Nyama bado anapata, msimwonee huruma.) Mama mkwe ndiye aliyeelewa upesi. Hedhi ikishakoma, mahitaji yanashuka hadi 8, basi siku hizi anamegea mjukuu wake wa kike wa sekondari sehemu ya nyama yake.

Najua bei za soko la Kadutu, nyama si ya kila siku. Maharagi na lengalenga vina chuma pia, ila chuma cha mimea mwili unakipokea kwa shida. Kinachosaidia ni vitamini C. Mwanamke anahitaji miligramu 75 kwa siku, na pera moja linatosha, mradi liliwe kwenye mlo huohuo. Huna pera? Kamulia ndimu kwenye maharagi yakiwa tayari sahanini, maana moto unaiharibu vitamini hiyo. Na chai ya rangi isikae mezani pamoja na chakula: inazuia chuma kuingia mwilini. Ingoje saa moja au mbili.

Sambaza nazo, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, uzile nzima, vichwa na miiba, upate kalsiamu, madini ya mifupa.

Vidonge vya chuma unavyopewa CPN (kliniki ya wajawazito), meza kama ulivyoelekezwa. Vya kujinunulia, soma kwanza kiasi: usizidishe miligramu 45 za chuma kwa siku bila agizo la muganga, tumbo litakusumbua. Na uvifungie mbali na watoto. Wanaviona kama bonbo, na vikiwa vingi vinaweza kumuua mtoto mdogo.