Mteja akikuitikia "ndiyo dada" mara tano, nyamaza

Mwaka wangu wa kwanza wa unasihi kwa watumiaji wa dawa za kulevya nilikuwa na wateja watiifu ajabu. Unaona unga unavyokumaliza? Ndiyo dada. Unaona mama anavyoteseka? Ndiyo dada. Basi tukubaliane, Jumatatu ukiamka hugusi. Ndiyo dada. Naandika kwenye faili "mteja ameonyesha utayari", naye anavaa ndala zake mlangoni, anaaga kwa heshima, na simwoni tena.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile "ndiyo dada" ni namna ya mtu mwenye adabu kuomba aachiwe aende zake. Kijana anafika kwako akiwa ameshasemwa na mama, baba mdogo, mjumbe wa mtaa, shekhe au mchungaji, na askari wa doria. Mahubiri yote anayajua. Mengine angeweza kukuhubiria wewe, tena kwa ufasaha kukuzidi.

Nafanya kazi Dar es Salaam, na wengi ninaokaa nao wanatumia heroini, yaani unga, au pombe, au vyote viwili. Naandika kwa wanasihi wanaoanza, ila nikisema kweli ninaowafikiria zaidi ni ndugu wa nyumbani, kwa sababu mimi naonana na mtu saa moja kwa wiki na wao wanalala naye nyumba moja.

Siku hizi baada ya salamu huwa nauliza: unga unakusaidia nini? Mama mmoja aliposikia swali hilo alisimama akamshika mwanawe mkono waondoke, akidhani nimekuja kuusifia. Ndiyo maana sasa ndugu wanakaa nje kwenye benchi.

Nimkumbuke fundi rangi mmoja wa magari (nimebadilisha mambo kadhaa asije akatambulika). Nilipomuuliza swali hilo alikaa kimya muda mrefu. Nami nikakaa kimya, jambo ambalo lilinishinda kwa miaka. Nilikuwa kila nikiona kimya najaza maneno kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi. Mwishowe akasema, "Unanilaza, dada." Kabla ya gereji alikuwa utingo wa lori. Lilipinduka usiku, dereva akafia pembeni yake, yeye akatoka na mikwaruzo. Tangu hapo akifumba macho anasikia vioo. Kete ya kwanza ya unga alivutishwa maskani ikiwa imechanganywa na bangi, na usiku ule alilala mpaka asubuhi. Miaka ikapita. Nyumbani walikuwa wamemfanyia vikao visivyohesabika kuhusu mtungi wa gesi aliouuza, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza kama analala.

Fikiria sasa ningemwamrisha aache. Ningekuwa namrudisha ndani ya lile lori bila kumpa chochote cha kushika. Alihitaji mambo mawili yaende pamoja: daktari wa afya ya akili kwa ajili ya lile tukio na zile ndoto, na dawa ya kuutuliza mwili. Tukitibu kimoja, kingine kinakivuta nyuma.

Kuhusu dawa, niseme kidogo, maana mtaani maneno ni mengi. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na hospitali nyingine zikafuata. Ni ya kunywa kila siku, kwa kawaida mbele ya muuguzi. Watu huniuliza, "Si mmembadilishia ulevi tu?" Unga huisha mwilini ndani ya saa chache, ndiyo maana siku nzima ya mtu inakuwa ya kutafuta kete inayofuata kabla arosto, yale mateso ya kuukosa, haijamshika. Methadoni ikifika kwenye dozi yake inamshikilia mchana na usiku bila kumzimisha, na hapo anapata nafasi ya kufikiria kitu kingine: kazi, mtoto, mlo. Wengine wataihitaji kwa miaka, kama anayetumia dawa za presha. Na muuguzi akiuliza kama umekunywa pombe au umemeza vidonge vya usingizi, usimdanganye. Vikikutana na methadoni vinaweza kuzima pumzi.

Turudi kwenye mazungumzo. Njia ninayoifuata ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na mwanasaikolojia Mmarekani, William R. Miller, aliyekuwa akishughulika na walevi wa pombe. Aliona kwamba mteja akibanwa anatetea unywaji, na akisikilizwa vizuri anaanza mwenyewe kueleza kwa nini angependa kubadilika. Kuna swali moja la njia hiyo ambalo hata mama wa nyumbani anaweza kulitumia. Nauliza: kutoka sifuri mpaka kumi, kuacha kuna umuhimu gani kwako? Fundi wangu akasema nne. Zamani ningeuliza, "Mbona nne tu?" na angenipa orodha ndefu ya kwa nini haiwezekani. Sasa nauliza, "Kwa nini nne, isiwe mbili?" Akajikuna kichwa. Akasema binti yake ameanza chekechea na siku ya kwanza alipelekwa na jirani, kwa sababu baba yake alikuwa arosto. Kisha akasema, "Sitaki apelekwe tena na jirani." Sikuongeza neno. Lilikuwa limeshasemwa, na aliyelisema ni yeye.

Mtumiaji wa unga simwiti teja. Wateja wenyewe huitana hivyo na kucheka, hiyo ni haki yao. Kwangu ana jina.

Na kila mteja namuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuna wanaoogopa kwamba ukiuliza unampandikizia wazo. Sivyo. Wengi hushusha pumzi, kwa sababu walikuwa wanalibeba peke yao. Akisema ndiyo, siku hiyo haondoki peke yake: tunakwenda naye kwa daktari, na nyumbani atakuwepo mtu wa kukaa naye. Hii ndiyo siri pekee nisiyoahidi kuitunza, na huwa namwambia hivyo mapema.

Ndugu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Arosto ya unga inatesa: mifupa inauma, mtu anatapika, anaharisha, hatulii. Mara chache humuua mtu kwa yenyewe, ingawa kukaukiwa maji ni hatari. Pombe ni jambo jingine kabisa. Mtu anayekunywa gongo au pombe kali tangu asubuhi kila siku, ukimfungia chumbani aache ghafla, ndani ya siku mbili tatu anaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na kufa. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ambayo walikuwa wamemfunga mzee wao kamba, wakidhani amepagawa. Alikuwa anatetemeka na kuzungumza na watu wasiokuwepo, na alihitaji kulazwa. Asiache ghafla nyumbani bila daktari kujua.

Jingine ni kurudia. Atarudia, pengine zaidi ya mara moja, na nyumba nzima itasema "tulijua". Kinachonitisha mimi ni kile kipimo cha zamani. Mtu aliyetoka nyumba ya soba, wanakokaa wanaoacha dawa, au mahabusu baada ya wiki kadhaa, mwili wake umeshasahau. Akichukua kiasi alichokuwa akichukua zamani, kinaweza kumuua usiku huohuo. Kwa hiyo hilo nalizungumza naye kabla hajatoka, bila kuona haya, ingawa bosi wangu mmoja wa zamani aliniambia nawafundisha kutumia. Ukimkuta ndugu yako anakoroma vibaya, pumzi ni za kuhesabu, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Usimwache alale "aishe stimu". Kummwagia maji kunapoteza muda, na maziwa yatampalia.

Fundi wangu alirudia mwezi wa pili wa kuonana kwetu. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa, na "ndiyo dada" zikarudi. Niliacha kuuliza nini kimetokea. Nikamuuliza zile siku ambazo hakugusa zilikuwa ngapi, na alizipitaje. Akahesabu kwa vidole: kumi na tisa. Alikuwa akitoka gereji anapita njia ya mbali ili asikatize maskani, na Jumamosi, siku ya posho, hela alikuwa anamkabidhi dada yake. Siku aliyoanguka ilikuwa Jumamosi, na dada alikuwa amesafiri. Basi kumbe tulikuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Mama yake alikuwa nje kwenye benchi. Nilipotoka alitaka kujua mwanawe amesema nini ndani, nikamwambia siwezi kumweleza, kama ambavyo nisingemweleza mwanawe aliyoniambia yeye. Akakunja khanga yake, akauliza, "Basi leo nikifika nyumbani nimwambie nini?"

Nikamwambia, "Pika, mwite ale, umuulize kama jana alilala. Mengine yaache kwa leo."

"Hata mtungi wangu wa gesi nisiuseme?"

"Hata mtungi, mama. Alhamisi njooni wote wawili, tutauzungumza yeye akiwepo."