Kigari cha injini kwa pesa kidogo

Unataka kujiundia kigari cha injini, na umeuliza ubane matumizi wapi. Bana kwenye kiti na bodi. Kiti cha plastiki kilichotupwa kinatosha kabisa. Injini tafuta ya pampu ya maji iliyotumika, nguvu ya farasi 5 au 6. Injini izungushe tairi moja tu la nyuma, uepuke gharama ya ekseli inayozunguka (chuma kinachounganisha matairi mawili). Sproketi (gurudumu la meno la kushika mnyororo) ya meno 10 kwenye klachi ya injini, ya meno 60 kwenye tairi: injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, tairi lenye kipenyo cha sentimita 28 litakupa kama kilomita 32 kwa saa. Ukiwa umekaa karibu kugusa ardhi, bila springi, hizo ni mbio, niamini! Breki usibane hata kidogo, na zifunge kabla ya injini.