Dizeli ya zamani ikipanda milima mirefu, soma moshi wake

Injini ya dizeli ya zamani, yenye pampu ya kimakanika na isiyo na kompyuta, ikifika mita 2,500 au 3,000 hubadilika tabia. Unakanyaga eksileta mpaka chini, mwendo hauongezeki, na nyuma linatoka wingu jeusi tii. Wengi hukimbilia kwa fundi pampu. Nimeziendesha na kuzitengeneza injini hizi kwa miaka mingi, na nakusihi: kabla ya kugusa pampu, fikiria hewa.

Mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, kanieneo ya hewa hubaki kama asilimia 70. Injini isiyo na turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi) huvuta hewa hiyo nyepesi kama ilivyo, na kwa makadirio ya kawaida hupoteza asilimia 3 hivi ya nguvu kila mita 300. Pampu nayo haijui kama iko mlimani. Hupima dizeli kwa kufuata mguu wako na mzunguko wa injini, basi. Isipokuwa ina kifaa cha kurekebisha kulingana na mwinuko (na nyingi hazina), hewa hupungua huku dizeli ikibaki ileile, na ile isiyopata hewa ya kuungulia hutoka kama moshi.

Moshi huo si wa kupuuza. Ekzosi hupata joto kupita kiasi, na masizi huichafua oili mapema. Kwa hiyo kwenye mwinuko shusha gia kabla injini haijaanza kulemewa, kisha tazama kioo cha pembeni: legeza mguu kidogo kidogo mpaka weusi ufifie. Mara nyingi utaona mwendo haupungui sana, maana sehemu kubwa ya ulichokipunguza ni dizeli iliyokuwa ikipotea bure. Eya klina isafishwe kabla ya safari. Huko juu hakuna hewa ya ziada.

Skrubu ya kupunguza dizeli? Kama gari linafanya kazi huko juu siku zote, fundi pampu airekebishe, na aweke alama ya mahali ilipokuwa. Kama unapita tu, usiiguse. Ukishuka utabaki na gari legelege.

Turbo husaidia sana, ila huzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia hewa iliyokosekana. Usiikamue mlima mzima, na ukisimama acha injini iungurume taratibu dakika chache kabla ya kuzima.

Asubuhi ya baridi, hewa iliyobanwa kwenye silinda haipati joto la kutosha, ndiyo maana injini hugoma au huwaka kwa moshi mweupe. Hita plagi zote, yaani plagi za kupasha joto silinda kabla ya kuwasha, ziwe nzima. Kagua pia kifuniko cha rejeta: kikivuja, kwenye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Na wakati wa kushuka, breki zinazosaidiwa na vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) huwa nzito kidogo, kwa hiyo teremka kwa gia ndogo.