Rwenzori si ndugu wa Himalaya

Ndugu uliyeuliza kama Rwenzori, milima yetu ya mpakani mwa Uganda na Kongo, ilisukumwa juu na mabamba (vipande vikubwa vya ganda la dunia) yaliyogongana: hapana, hapa kwetu mabamba yanaachana. Rwenzori ni pande la miamba ya kale lililoinuliwa katikati ya Bonde la Ufa hadi mita 5,109. Wala si volkano, ingawa wengi, hata Kasese penyewe, mji ulio chini ya milima hiyo, hudhani hivyo.

Kugongana ni habari nyingine, na kinachoamua ni uzito. Bamba la bahari ni la basalti, mwamba mweusi mzito, na kadiri linavyozeeka hupoa na kuzidi uzito. Likikutana na bamba la bara huinama na kuzama chini yake, kama bamba la Nazca linavyozama chini ya Amerika Kusini. Watu hudhani linayeyuka lenyewe na kutoa volkano. Sivyo hasa: linazama na maji yaliyofungwa ndani ya miamba yake, joto na mgandamizo huyakamua, nayo yakipanda hufanya mwamba wa moto ulio juu yake uyeyuke kwa urahisi zaidi. Ndiyo asili ya volkano za Andes.

Bara kwa bara je? Yote mepesi, hakuna linalokubali kuzama sana. Sukumiza mikeka miwili ikutane sakafuni uone inavyojikunja. Ndivyo Himalaya ilivyoinuka: India iliivaa Asia kama miaka milioni 50 iliyopita na bado inasukuma, sentimita chache kila mwaka.

Matetemeko ya Toro, eneo la magharibi mwa Uganda penye Rwenzori, kama lile la 1966, ni ya kuachana huku kwetu, si ya kugongana.