Pimeni maji kabla mashine haijaja kuchoronga

Nimefanya vibarua kwenye kambi za utafiti wa urani, madini yenye mionzi, upande wa Bahi na Manyoni, nikijaza sampuli kwenye mifuko na kuandika namba. Nikirudi kijijini swali huwa moja: fidia ni kiasi gani? Mimi nawaambia waanze na maji.

Bahi ni bondeni. Mto Bubu unamwaga maji humo, na mengi huishia kukaushwa na jua. Maji yanayotoka kwenye miamba ya juu hubeba urani kidogo kidogo, na yakikauka huiacha kwenye udongo na chokaa, mita chache tu chini ya ardhi. Kina hichohicho ndicho tunachochimbia visima. Kwa hiyo kisima chako kinaweza kuwa na urani hata kabla gari la kwanza halijafika. Usipokuwa na kipimo cha awali, siku ukilalamika utajibiwa kwamba ni ya asili, na hutakuwa na la kujibu.

Kijiji kiandike barua kupitia halmashauri ya wilaya kwenda Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo ina ofisi Arusha. Ombeni urani yenyewe ipimwe, maana vipimo vya kawaida vya chumvi na vijidudu haviioni. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 30 kwa lita. Pimeni kiangazi na masika, kisha nakala ya majibu ikae kwa mtu mwingine pia, si kwa mtendaji peke yake. Watendaji huhamishwa.

Leseni ya utafutaji si leseni ya uchimbaji. Wageni wakija, waonyeshe leseni mbele ya mkutano wa kijiji na iingie kwenye muhtasari. Wakimaliza, zungukeni mkague kila shimo kama limezibwa, maana shimo wazi huvunja mbuzi miguu na hupeleka maji machafu chini. Na ile mifuko ya sampuli, jamani, msiwekee unga.

Kuhusu ajira, msiuze ng'ombe wala majaruba kwa kuitegemea. Kule Mto Mkuju, Namtumbo, mpaka wa pori la akiba la Selous ulibadilishwa mwaka 2012 kupisha mgodi wa urani, lakini hata kiwanda cha majaribio kimekuja kuzinduliwa 2025. Vibarua vya utafiti vyenyewe mara nyingi huisha mvua zikianza, kwa sababu magari hayapiti kwenye tope la bondeni.