Re: Warsha ya Python kwenye kikundi chetu imekwamia kwenye kupakua pandas

Habari mkuu. Kwa hiyo ukumbi mzima ulianza kupakua pandas (maktaba ya Python ya kuchambua data) kwa pamoja, intaneti ikazidiwa, na muda wa mada ukaishia hapo.

Dawa ni kuipakua mara moja nyumbani, kisha washiriki waichukue kwenye kompyuta yako kupitia WiFi, bila intaneti. Kwanza angalia kama ruta inaruhusu kompyuta kuonana. WiFi za wageni nyingi huzuia. Heri uje na ruta yako, hata isiyo na intaneti.

Nyumbani endesha `pip download pandas -d mzigo` (pip ni programu ya kusakinisha maktaba za Python; faili zitaingia kwenye folda ya mzigo). Ingia kwenye folda hiyo, washa `python -m http.server 8000`. Washiriki waandike:

`pip install --no-index --trusted-host 192.168.1.5 --find-links http://192.168.1.5:8000/ pandas`

Badala ya 192.168.1.5 weka IP (anwani ya mtandao) ya kompyuta yako. Ukisahau `--trusted-host`, pip inaipuuza seva kwa kuwa si https.

Panapowakwamisha wengi ni hapa: faili za pandas za Linux haziingii Windows, na za Python 3.11 hazifai 3.12. Waulize washiriki matoleo yao mapema, upakue yote.