Bunduki ya kwanza ya kujiundia: pesa ifuate moto na jicho

Msimu wa kulungu unakaribia, na barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani wanaotaka kujiundia bunduki ya kuwindia kwa pesa kidogo. Wote wanasema juu ya bunduki ya bolti, ile ambayo baada ya kila risasi unavuta chuma kwa mkono na kukirudisha. Nimefurahi, maana ndiyo ninayoijua na ndiyo ninayoipenda. Baadhi ya barua nimezifupisha.

Shikamoo mjomba. Nina dola 800 tu, na hapo darubini ya kulengea imo. Kijana mwenzangu ananiambia kununua kipande kimoja kimoja ni rahisi kuliko kununua bunduki nzima. Ni kweli? (Msomaji, Dallas)

Marahaba. Si kweli, na afadhali uyasikie haya kabla hujatoa hata senti. Bunduki mpya za bolti za bei ya chini, kama Savage Axis au Ruger American, huuzwa kwa kati ya dola 400 na 600 zikiwa kamili. Sasa piga hesabu ya vipande. Mtutu mzuri peke yake ni dola 300 na zaidi. Mwili wa bunduki, yaani kile chuma kinachobeba bolti, unaweza kukaribia bei ya bunduki nzima. Bado hujanunua kitako, bado kifyatulio, bado magazini, bado ujira wa fundi. Dola 800 zitakwisha na bunduki haijasimama.

Mimi humshauri anayeanza anunue bunduki nzima iliyotumika, yenye mwili wa aina ambayo vipuri vyake vimejaa sokoni, kisha aibadilishe kidogo kidogo. Mwaka huu darubini. Mwaka kesho kifyatulio. Mtutu usubiri mpaka ule wa zamani ukuoneshe kwamba umechoka. Hivyo kila msimu una kitu cha kuwindia, na unajifunza kipande kimoja kwa wakati mmoja. Miili miwili inayoongoza kwa vipuri ni Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, na Savage 110 ya mwaka 1958. Kwa mfuko wako mimi ningechagua Savage, na sababu yake utaiona kwenye swali la mtutu hapo chini.

Nina green card, na mdogo wangu yupo hapa kwa viza ya mwanafunzi. Vipuri nimeviona mtandaoni vinauzwa kama nguo. Sheria inasemaje? (Msomaji, Minneapolis)

Kwa sheria ya shirikisho, "bunduki" ni ule mwili wenye namba. Mtutu, kitako, kifyatulio na darubini ni vipuri tu, na katika majimbo mengi vinatumwa hadi mlangoni kwako. Mwili ni habari nyingine: ukiununua dukani au kwa kuagiza kutoka jimbo jingine, unapitia kwa muuzaji mwenye leseni, unajaza Fomu 4473, na jina lako linachunguzwa kabla hujakabidhiwa. Wewe mwenye ukaazi wa kudumu unaruhusiwa kununua, ilimradi huna kizuizi kingine kama hukumu ya kosa kubwa.

Mdogo wako asiguse kwanza. Mwenye viza ya muda, ya mwanafunzi ikiwemo, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi. Kuna milango michache ya kutokea, na unaotumika zaidi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Leseni yenyewe si ghali, lakini iwe mfukoni mwake kabla ya mkono kugusa chuma. Kosa hapa linaweza kumgharimu masomo na ukaazi wote, na nakuomba ulichukulie kwa uzito huo. Muone wakili wa uhamiaji kama una shaka hata ndogo.

Neno moja kuhusu vile vifurushi vya miili ambayo haijamalizika, visivyo na namba. Achana navyo. Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kanuni inayoruhusu vifurushi vya namna hiyo vihesabiwe kuwa ni bunduki, na majimbo kadhaa yalikuwa yameshaweka makatazo yao wenyewe. Mwindaji hana faida yoyote kwa bunduki isiyo na namba. Mwizi akiiba yako yenye namba, polisi wana cha kutafutia. Na mtutu usiufupishe: wa bunduki ya aina hii usipungue inchi 16, na bunduki nzima isipungue inchi 26. Chini ya hapo unaingia kwenye sheria nyingine kali kabisa.

Nimepata Savage 110 inayopiga risasi ya .308 kwa bei ya kutupa. Niichukue niiunde upya kwa ajili ya kulungu? (Msomaji, Columbus)

Umeandika kutoka Ohio, na hapo ndipo penye shida. Ohio iliruhusu bunduki za mtutu wenye mifereji kwa kulungu mwaka 2014, lakini kwa risasi zenye ganda lililonyooka tu, lisilo na bega wala shingo. Itazame .308: ganda lake lina bega kama la chupa. Hairuhusiwi kwa kulungu huko, hata uipate bure.

Utaniuliza, si nitabadilisha mtutu tu niweke wa .350 Legend? Hiyo ni risasi ya ganda lililonyooka, Winchester waliitoa mwaka 2019, na mateke yake ni madogo. Tatizo ni tako la ganda, yaani mwisho wake wa nyuma. La .308 lina upana wa milimita 12, la .350 Legend halifiki 10. Kichwa cha bolti kinacholishika la kwanza hakiwezi kulishika la pili. Kwenye Savage kichwa hicho hubadilishwa, kwa hiyo yawezekana, lakini ongeza na magazini, maana risasi nyembamba haitapanda vizuri kutoka kwenye nyumba ya risasi nene. Mtutu, kichwa cha bolti, magazini, fundi: ile bei ya kutupa imeshatupwa. Nunua bunduki nzima iliyotoka kiwandani ikiwa ya .350 Legend.

Kwa walio kwenye majimbo yasiyo na sharti hilo, hapa ndipo .308 inapopendeza. Tako lake la milimita 12 ni lilelile la .243 Winchester na 6.5 Creedmoor, na urefu wa mwili wa bunduki unaohitajika ni uleule. Leo unawinda na .308, kesho mwanao anataka kitu chepesi begani, unaweka mtutu wa .243, na bolti ni ileile. Hata .30-06 ina tako hilohilo, ila ganda lake ni refu na linataka mwili mrefu. Kabla ya kununua kipande chochote, jua mambo mawili: upana wa tako na urefu wa mwili. Ukivijua hivyo, nusu ya makosa ya ununuzi umeyakwepa.

Mtutu naweza kuubadilisha mwenyewe nyumbani? (Msomaji, Louisville)

Umesema ulikulia Nyarugusu na kwamba baba yako alikuwa fundi wa baiskeli, kwa hiyo mikono unayo. Kwenye Savage mtutu hushikwa na nati kubwa, na watengenezaji kama Shilen na Criterion huuza mitutu iliyokwisha kutobolewa chemba, yaani nafasi inamokaa risasi. Ndiyo sababu nilimwambia ndugu wa Dallas achague Savage. Mtutu wa kawaida wa Remington 700 hukaa kwa bega lake, na kuufunga mpya mara nyingi hutaka mashine ya kukereza vyuma, yaani ujira wa fundi.

Lakini kuufungua na kuufunga siyo kazi yenyewe. Kazi yenyewe ni nafasi kati ya uso wa bolti na mahali ganda linapoegemea ndani ya chemba. Risasi ya .308 ikilipuka, shinikizo ndani linaweza kufika pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Nafasi ikizidi, ganda linajinyoosha, linapasuka, na ile gesi ya moto inatafuta njia ya kurudi nyuma. Nyuma kuna uso wako.

Nafasi hiyo hupimwa kwa vipimo viwili vya chuma: kimoja kikiwa ndani bolti lazima ifungike, cha pili kikiwa ndani bolti lazima ikatae kufungika. Usikubali mtu akupimie kwa jicho, kwa risasi tupu, wala kwa uzoefu wake wa miaka. Ushauri wangu kwa mtutu wa kwanza: mpelekee fundi bunduki mwenye leseni, mlipe, simama pembeni yake umwangalie. Pesa hiyo usiihesabu kuwa ni hasara. Na kama ulifikiria kuokoa kwa kununua mtutu uliotumika wenye picha nzuri, nisikilize. Niliununua mmoja hivyo. Chemba yake ilikuwa na makwaruzo, ganda likanasa kila baada ya risasi tatu au nne, na mwisho nikalipa mtutu mara mbili.

Nauziwa Remington 700 iliyotumika, kifyatulio chake chepesi mno. Ni sifa au kasoro? (Msomaji, Houston)

Simama hapo hapo usiipakie risasi. Aprili 2014 Remington iliziita zirudi bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio kiitwacho X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kwa sababu zingine ziliweza kufyatuka zenyewe. Zile za kabla ya hapo nazo zilikuwa na kesi zake za muda mrefu. Uliza namba, ilinganishe na tangazo hilo, na kama hakuna ushahidi kwamba kifyatulio kilishabadilishwa, weka kipya. Timney wanavitengeneza tangu mwaka 1946 na fundi hukifunga kwa muda mfupi. Ingiza gharama hiyo kwenye mazungumzo ya bei na muuzaji. Kifyatulio cha kuwindia kisiwe chepesi kama cha mashindano, maana kwenye baridi ya Novemba utakuwa umevaa glavu.

Kitako cha mbao au plastiki? (Msomaji, Seattle)

Kwa mvua zenu, plastiki, au mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi kama zile za Boyds wa South Dakota. Mbao nzima inakunywa maji na kuvimba, inausukuma mtutu, na risasi inahama. Hakikisha karatasi inapita kati ya mtutu na kitako bila kukwama. Rangi na michoro iache, haimwangushi kulungu.

Darubini nitenge kiasi gani? (Msomaji, Denver)

Karibu sawa na bei ya bunduki yenyewe, na sitapunguza hata mkinililia. Ukubwa wa mara 3 hadi 9 na kioo cha milimita 40 unamtosha mwindaji wa kulungu. Leupold na Vortex wote wana za bei ya kati ambazo zinatosha kabisa. Pesa iende kwenye kioo kinachoona alfajiri na magharibi, kwa sababu kulungu hutembea saa hizo. Ukuzaji mkubwa wa mara 20 kwa bei ndogo ni kioo cha giza.

Halafu pete za kuishikia. Hapa nina jeraha langu. Mwaka wangu wa pili wa kuwinda niliokoa pesa kwenye pete, nikazikaza kwa hisia ya mkono. Darubini ikahama njiani bila mimi kujua. Kulungu niliyempiga sikumpiga mahali pake, akakimbia, nikamfuata kwa damu mpaka usiku na tena asubuhi, sikumpata. Mnyama yule aliteseka kwa ajili ya skrubu. Siku hizi nina bisibisi ya kupimia nguvu. Pete nyingi huandikiwa inchi-pauni 15 hadi 20, nami hufuata kilichoandikwa, kisha nachora mstari mdogo wa rangi kwenye kila skrubu ili nione ikisogea. Kabla ya kila msimu naenda uwanjani, yadi 100, risasi tatu, nahakikisha.

Mume wangu ameanza kuiunda bunduki kwenye meza ya chakula. Tuna watoto wawili. Nimwambieje? (Mama, Phoenix)

Dada, mwambie mjomba amekuunga mkono. Meza ya kula si karakana. Bolti itolewe na ifungiwe mahali pake, mwili mahali pengine, risasi mahali pa tatu, zote kwa funguo ambazo watoto hawajui ziliko. Kabati la chuma liingie kwenye bajeti kabla ya kitako kipya. Akisema pesa haitoshi, vituo vingi vya polisi hugawa bure kufuli za waya kupitia mpango uitwao Project ChildSafe. Waya unapita ndani ya bunduki na bolti haiwezi kufungika. Na wafundishe watoto leo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: ukiiona, usiguse, ondoka, mwite mtu mzima.

Nikishaimaliza nataka nimpelekee babu yangu Tabora, ana gobore bovu la siku nyingi. (Msomaji, Boston)

Nia njema, lakini usithubutu. Kutoa bunduki Marekani kunataka kibali, na hata mtutu au kifyatulio kilichofichwa kwenye sanduku la nguo kina masharti ya vibali. Upande wa pili kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, na mwenye kushikwa atakuwa mzee. Wa Kenya nao wakumbuke kwamba uwindaji wa starehe umepigwa marufuku huko tangu mwaka 1977. Gobore la babu, kama halina kibali, alizungumzie na mwenyekiti wa mtaa na polisi, na asilipige tena kama bomba lake limeliwa na kutu. Wewe mnunulie darubini ya mkononi, ile ya macho mawili. Atakaa nayo chini ya mwembe akitazama ndege.